Nani Huuliza Kwa Nini Mtu Hufanya Kazi?

Katika vikao vya kazi, iwe kiwandani, kijijini au ofisini, kuna swali moja ambalo halikosi kuzuka: tufanye nini ili watu wafanye kazi kwa bidii? Mara nyingi swali hili huulizwa kwa nia njema. Lakini mtu akilitazama vizuri ataona kwamba wanaozungumziwa kwa kawaida hawamo kikaoni. Wako shambani, au kwenye mashine, au wamesimama nje ya mlango wakingoja kuambiwa kilichoamuliwa. Waliomo kikaoni hawajiulizi wao wenyewe hufanya kazi kwa sababu gani. Hilo huchukuliwa kuwa linajulikana. Wale wengine ndio wenye tabia inayohitaji kuelezwa.

Elimu ya saikolojia ina tawi zima linaloshughulikia swali hili la nini humsukuma mwanadamu kutenda. Makala haya hayakusudii kupitia nadharia zote za tawi hilo. Yanakusudia kuchunguza historia ya chache tu, hasa zile zilizozaliwa mahali pa kazi, na kuonyesha jambo ambalo vitabu vya kufundishia hulipita haraka. Jambo lenyewe ni hili: mara nyingi mfanyakazi alikuwa na sababu yake, akaitamka wazi, mtaalamu akaisikia, kisha mtaalamu akaandika sababu nyingine. Historia hiyo si ya mabepari peke yao. Wajamaa nao wamo, na hatuna haja ya kuwaficha.

NG'OMBE ALIYEJENGA NYUMBA

Frederick Winslow Taylor alizaliwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1856, katika jamaa yenye uwezo. Alijifunza kazi karakanani, akawa msimamizi, kisha mhandisi, na hatimaye mshauri wa makampuni. Kilichomkera tangu ujana wake ni kwamba wafanyakazi walipunguza mwendo wa kazi kwa makusudi, na kwa mapatano baina yao. Alijua sababu yao, na kwa haki yake hakuificha: walikwisha kuona kwamba kila walipoongeza uzalishaji, mwajiri alipunguza bei ya kila kipande cha kazi, nao wakabaki na jasho zaidi kwa ujira uleule. Hapa basi mtaalamu alikuwa na sababu ya wafanyakazi mkononi mwake. Tuone aliifanyia nini.

Mwaka 1899 Taylor alikuwa katika kampuni ya chuma ya Bethlehem, jimbo la Pennsylvania. Kikosi cha watu 75 hivi kilikuwa kikipakia chuma ghafi katika mabehewa ya reli. Kila kipande kilikuwa na uzito wa kilo 42 hivi, na kila mtu alipakia tani 12 na nusu kwa siku. Taylor alipiga hesabu, akasema mtu wa daraja la kwanza aweza kupakia tani 47 na nusu. Katika kitabu chake cha mwaka 1911 juu ya kanuni za usimamizi wa kisayansi anasimulia jinsi alivyomchagua mtu mmoja, akampa jina la Schmidt, akamwambia kwamba akitii amri zote za msimamizi, abebe anapoambiwa abebe na akae anapoambiwa akae, bila kujibu neno, atapata dola 1.85 kwa siku badala ya dola 1.15. Schmidt akakubali. Jioni ya siku ile, kwa maelezo ya Taylor, alikuwa amepakia tani 47 na nusu, yaani vipande 1,156.

Tupige hesabu yetu wenyewe. Kazi iliongezeka karibu mara nne. Ujira uliongezeka kwa asilimia 61 hivi. Tofauti iliyobaki ilikwenda kwa nani, msomaji hahitaji kuambiwa.

Lakini kwa suala letu, kitu kikubwa zaidi ni namna Taylor anavyomweleza mtu huyu. Anasema kwamba anayefaa kwa kazi ya kubeba chuma ni mtu mzito wa akili, ambaye kwa fikra zake anafanana na ng'ombe kuliko kiumbe mwingine yeyote. Kinachomsukuma, kwa Taylor, ni dola tu. Ila katika kurasa hizohizo limo jambo jingine, ambalo Taylor analitaja kwa kupita. Schmidt alikuwa amenunua kiwanja kidogo, na alikuwa akijenga kuta za nyumba yake asubuhi kabla ya kwenda kazini na jioni baada ya kutoka. Nguvu hizo za ziada ndizo zilizomvutia Taylor amchague.

Mtu anayebeba chuma kutwa na jua linapokaribia kuzama akaenda kupanga mawe ya nyumba yake ana mpango wa maisha. Dola kwake ilikuwa na maana kwa sababu ya nyumba. Sababu hiyo ilikuwa mbele ya macho ya Taylor, naye akaiona kama mtu anavyoona misuli ya mnyama sokoni. Hakumwuliza juu ya nyumba ile hata swali moja, au kama alimwuliza hakuona kwamba jibu lastahili kuandikwa. Jina la kweli la mtu huyo lilikuwa Henry Noll. Mwaka 1974 wanahistoria wawili, Charles Wrege na Amedeo Perroni, walichunguza kumbukumbu za kampuni na kuonyesha kwamba hadithi yenyewe ilikuwa imetiwa chumvi nyingi. Taylor mwenyewe alikiri kwamba katika kila watu wanane wa kikosi kile ni mmoja tu aliyeweza kufikia kiwango hicho. Wale saba hawakupewa nadharia yoyote.

Wafanyakazi walijibu. Mwezi wa Agosti 1911, saa ya kupimia mwendo ilipoletwa katika karakana ya silaha ya serikali huko Watertown, Massachusetts, mafundi wa kusubu chuma waliacha kazi. Bunge la Marekani likaunda kamati ya uchunguzi, na mwaka 1915 likakataza fedha za serikali kutumiwa kwa kupima wafanyakazi kwa saa hizo katika karakana za silaha.

WANAWAKE WATANO NA WANAUME KUMI NA WANNE

Kiwanda cha Hawthorne, cha kampuni ya Western Electric, kilikuwa Cicero, nje kidogo ya Chicago, kikitengeneza vifaa vya simu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kiliajiri watu wapatao 40,000. Hapo ndipo yalipofanyika majaribio ambayo mpaka leo kila mwanafunzi wa uongozi hufundishwa, na ambayo yanasemekana kuwa ndiyo yaliyoipindua nadharia ya Taylor.

Yalianza mwaka 1924 kwa jambo dogo: je, taa kali huongeza kazi? Matokeo hayakueleweka. Mwangaza ulipoongezwa kazi iliongezeka, na mahali pengine ulipopunguzwa kazi haikushuka. Basi mwezi wa Aprili 1927 wanawake sita walitengwa katika chumba kidogo. Watano waliunganisha rilei, vifaa vidogo vya umeme vya mitambo ya simu, kila kimoja chenye sehemu zipatazo 35 na kumalizika kwa muda wa dakika moja hivi. Wa sita aliwagawia vifaa. Kila rilei iliyokwisha ilidondoshwa katika mfereji, na mashine ikaitoboa alama yake kwenye utepe wa karatasi. Wanawake walipewa nafasi ya kupumzika, wakapunguziwa saa, wakapewa kiamsha kinywa, kisha vyote vikaondolewa ili ionekane kutatokea nini. Kwa jumla uzalishaji ulipanda, na baada ya miaka miwili na zaidi ulikuwa umeongezeka kwa asilimia 30 hivi. Hata nafasi za kupumzika zilipoondolewa kwa muda, rilei za wiki nzima hazikurudi pale zilipoanzia.

Elton Mayo, mzaliwa wa Adelaide, Australia, aliyekuwa akifundisha chuo cha biashara cha Harvard, aliingia katika majaribio hayo mwaka 1928. Yeye na wenzake ndio walioyapa maana iliyoenea duniani: kwamba kinachomsukuma mfanyakazi ni hisia za kuwa mmoja wa kundi, na kuona kwamba kuna mtu anayemjali. Fedha, kwa maelezo hayo, zilirudishwa nyuma kabisa.

Maelezo hayo yalifurahisha wengi, na ni rahisi kuona sababu. Kujali ni nafuu kuliko mshahara. Tutazame sasa yale yaliyotokea chumbani. Kwanza, kabla ya majaribio wanawake hawa walikuwa wakilipwa kwa jumla ya kazi ya kundi kubwa la watu zaidi ya mia. Chumbani walilipwa kwa jumla ya kazi yao watano tu, kwa hiyo kila rilei ya ziada ilionekana katika bahasha ya mshahara. Pili, mwezi wa Januari 1928 wawili kati yao waliondolewa kwa sababu walizungumza mno na hawakuwa tayari kushirikiana, wakaletwa wengine wawili wenye kasi. Mmoja wa hao wapya ndiye aliyekuwa akitegemewa nyumbani kwao, naye akawa ndiye anayewahimiza wenzake. Tatu, kundi jingine la waunganishaji lilipobadilishiwa malipo peke yake, bila chumba wala mapumziko, uzalishaji ulipanda kwa asilimia 12 hivi, na malipo ya zamani yaliporudishwa ukashuka.

Na wanawake wenyewe walisema nini? Walipoulizwa walijibu kwamba walipenda chumba kile kwa kuwa hapakuwa na msimamizi wa kuwakalia shingoni, walikuwa huru kuzungumza, na walipata zaidi. Ni jibu lililo wazi. Mtu hahitaji shahada ya Harvard kulielewa. Lakini lilipofika vitabuni lilikuwa limegeuka kuwa moyo wa kundi na huruma ya mtafiti. Alex Carey, aliyeyachambua upya majaribio hayo mwaka 1967, alieleza kwa ukali kwamba ushahidi wenyewe uliunga mkono uzito wa fedha na wa usimamizi, na kwamba hitimisho lililotangazwa halikuwa na msingi ndani yake.

Chumba cha pili kina mafunzo zaidi, ingawa husimuliwa kidogo. Kuanzia Novemba 1931 mpaka Mei 1932 watafiti waliwachunguza wanaume 14 waliokuwa wakiunganisha nyaya za mitambo ya simu: tisa wa nyaya, watatu wa kulehemu kwa risasi na wawili wakaguzi. Malipo yalipangwa ili kila anayezidisha apate zaidi. Hata hivyo wanaume hawa walikuwa na kiwango chao wenyewe cha kazi ya siku, mitambo miwili kwa kila mtu, na hawakukivuka. Aliyefanya haraka mno alipigwa ngumi ya mkono wa juu. Aliyefanya polepole mno pia alisemwa. Aliyewachongea wenzake kwa msimamizi hakuwa na rafiki.

Walipoulizwa sababu walijibu: tukizidisha, kampuni itapunguza bei ya kazi au itawapunguza watu. Roethlisberger na Dickson, walioandika kitabu kikubwa cha majaribio hayo mwaka 1939, waliliandika jibu hilo, kisha wakalikataa. Walisema kwamba wanaume hao hawakuweza kutaja mahali ambapo jambo hilo liliwapata, kwa hiyo imani yao haikutoka katika uzoefu. Ilikuwa, kwa maneno ya nadharia yao, mantiki ya hisia, wakati wakubwa wa kiwanda waliongozwa na mantiki ya gharama na ufanisi.

Msomaji aitazame miaka hiyo. Ni 1931 na 1932, uchumi wa Marekani umeanguka, na Hawthorne kwenyewe watu wanaachishwa kazi kwa maelfu. Saa za wale waliobaki zimekatwa. Uchunguzi wa chumba kile ulimalizika mwezi wa Mei 1932 kwa sababu kazi ilikuwa imekwisha. Mtu anayeona jirani yake akirudi nyumbani na barua mkononi, akaamua kwamba kazi iliyopo igawanywe kwa siku nyingi iwezekanavyo, huyo ndiye aliyeambiwa kwamba anaongozwa na hisia.

Mayo alikwenda mbali zaidi. Kwake mfanyakazi anayelalamika mara nyingi alikuwa na kitu kinachomsumbua moyoni au nyumbani, na mchochezi wa migomo alikuwa mtu mwenye maradhi ya nafsi. Kiwanda kilikwisha kuwahoji wafanyakazi zaidi ya 21,000 kati ya 1928 na 1930, na wahojaji walifundishwa wasibishane wala wasiahidi, wasikilize tu. Kuanzia mwaka 1936, mwaka mmoja tangu Marekani kupitisha sheria ya kulinda haki ya wafanyakazi kuunda vyama vyao, kampuni iliweka washauri wa kudumu wa kuzunguka kiwandani na kusikiliza. Mshauri hakuwa na uwezo wa kurekebisha jambo lolote aliloambiwa. Hayo hayakuwa makosa ya mpango. Ndivyo ulivyopangwa.

MTU ASIYEKUBALIWA KUWA NA SABABU

Kama ndivyo ilivyokuwa kwa mfanyakazi wa Chicago, ambaye angalau alikuwa raia na alipiga kura, mtu aweza kukisia ilivyokuwa kwa mtu aliyetawaliwa. Katika Afrika Mashariki serikali za kikoloni na walowezi walikuwa na nadharia yao ya motisha muda mrefu kabla ya kuletewa na wanasaikolojia. Walisema Mwafrika ana mahitaji machache: akipata fedha alizozikusudia hurudi kwao, kwa hiyo ukimwongeza mshahara atafanya kazi siku chache zaidi. Nadharia hiyo ilikuwa na faida kubwa, maana iliuthibitisha mshahara mdogo kuwa ni jambo la kisayansi. Kwamba mtu huyo alirudi kwao kwa sababu alikuwa na shamba lililohitaji jembe kabla ya mvua, hilo halikuhesabiwa kuwa sababu. Ilihesabiwa kuwa uvivu. Na dawa yake ilikuwa kodi. Wajerumani walitoa amri ya kodi ya nyumba mwaka 1897 katika koloni lao, na Waingereza wakaanza yao Kenya mwaka 1901. Huko Kenya, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ikaongezwa kipande, ambacho mwanamume alilazimika kutembea nacho shingoni ndani ya kijaluba cha chuma.

Wataalamu walikuja baadaye. J. C. Carothers alikuwa daktari aliyesimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, tangu 1938 hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika, ambamo alidai kwamba Mwafrika hutumia kidogo sehemu ya mbele ya ubongo, na kumlinganisha na Mzungu aliyekatwa ubongo kwa upasuaji. Wakati huo Kenya ilikuwa katika hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Serikali ya kikoloni ikamtaka Carothers aeleze ni nini kinachowasukuma watu wa Mau Mau. Taarifa yake ilichapishwa Nairobi mwaka 1954.

Jibu lake lilikuwa kwamba Wakikuyu walikuwa katika mfadhaiko wa nafsi. Wametoka katika mila zao na hawajafika katika ustaarabu mwingine, wako njiani, na akili zao zimechafuka. Wapiganaji wenyewe walikwisha kutoa jibu lao, tena kwa jina walilojiita: jeshi la ardhi na uhuru. Ardhi iliyotengwa kwa ajili ya Wazungu katika nyanda za juu haikuwa ndoto ya mtu aliyefadhaika. Ilikuwa na mipaka, na ramani, na sheria, na tume ya serikali yenyewe ilikwisha kuisikiliza malalamiko yake na kuimaliza kazi yake mwaka 1934. Lakini ukikubali kwamba mtu anapigana kwa ajili ya ardhi, inakubidi uzungumze naye juu ya ardhi. Ukisema anapigana kwa sababu ya nafsi iliyofadhaika, inakubidi umtibu. Carothers aliunga mkono watu wakusanywe katika vijiji, na kati ya 1954 na 1955 watu zaidi ya milioni moja walihamishwa na kuwekwa katika vijiji vilivyozungukwa na ulinzi.

Frantz Fanon, ambaye alikuwa daktari wa maradhi ya akili yeye mwenyewe na alifanya kazi hiyo Algeria wakati wa vita vya ukombozi, alimtaja Carothers kwa jina katika kitabu chake cha mwisho, mwaka 1961. Alijua kazi ya kitaalamu ilikuwa nini, na alijua pale ilipogeuzwa kuwa kazi ya polisi.

WAJAMAA NA SWALI LILELILE

Hadi hapa msomaji aweza kuona raha, kwa kuwa wanaolaumiwa ni maadui aliowazoea. Tuendelee.

Lenin aliandika mwaka 1914 kwamba mfumo wa Taylor ni utumwa wa mwanadamu kwa mashine. Mwezi wa Aprili 1918, akiwa na nchi yenye njaa na viwanda vilivyosimama, aliandika kwamba dola ya Kisovyeti lazima iusome mfumo huo, iufundishe, na kuchukua lililo jema ndani yake. Dhiki ilikuwa ya kweli na haifai mtu aliyeshiba kuicheka. Lakini swali lilikuwa limehama: aliyekuwa akiuliza kwa niaba ya mfanyakazi sasa alikuwa akiuliza juu yake.

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Agosti 1935, katika mgodi mmoja wa Donbass, Aleksei Stakhanov alichimba tani 102 za makaa kwa muda usiofika saa sita, wakati kiwango kilikuwa tani 7. Kazi ilikuwa ya kweli, na akili iliyotumika ilikuwa ya kweli: yeye alichimba tu kwa nyundo ya hewa, na watu wawili wakamfuata wakiegemeza magogo ya kuzuia dari. Katibu wa chama wa mgodi ndiye aliyeipanga. Magazeti yalimtaja Stakhanov. Wale wawili, ambao bila wao hakuna tani 102, walipita bila kutajwa, jambo ambalo wafanyakazi wenyewe waliliona upesi. Mwaka 1936 viwango vya kazi vilipandishwa katika viwanda vingi. Mfanyakazi wa Donbass alijikuta mahali palepale alipokuwa Noll na wenzake, na wale wanaume 14 wa Cicero: mwenzio akizidisha leo, kesho wewe utalipwa kilekile kwa kazi kubwa zaidi. Manung'uniko yalikuwepo. Yaliitwa hujuma.

Wachunguzi wa saikolojia ya kazi hawakuwapo tena wa kuyasikiliza. Isaak Shpilrein, aliyeongoza elimu hiyo katika Urusi ya Kisovyeti, alikamatwa 1935 na akauawa 1937. Aleksei Gastev, fundi wa chuma na mshairi aliyeanzisha taasisi ya kuchunguza kazi mjini Moscow, alikamatwa 1938 na kuuawa 1939.

Kuba ilijaribu njia nyingine, na mjadala wake wa 1963 na 1964 bado unafaa kusomwa na kila kada. Ernesto Guevara, aliyekuwa waziri wa viwanda, alishikilia kwamba ujamaa hauwezi kujengwa kwa silaha za ubepari, na kwamba msukumo wa kimaadili lazima upewe nafasi ya kwanza mbele ya motisha ya fedha. Wengine, kama Carlos Rafael Rodríguez na Mfaransa Charles Bettelheim, walimjibu kwamba hali ya uzalishaji haijafika hapo. Guevara aliandika makala yake mashuhuri juu ya ujamaa na mwanadamu mwanzoni mwa 1965, wakati wa safari yake ya Afrika iliyomfikisha pia Dar es Salaam. Pande zote mbili zilijadili kwa uaminifu. Lakini ukiusoma mjadala wote utaona ni mawaziri, wanauchumi na wageni wanaojadiliana ni kitu gani kitamsukuma mkata miwa. Mwaka 1970 nchi nzima ilihamasishwa ivune tani milioni 10 za sukari. Zilipatikana tani milioni 8 na nusu, na shughuli nyingine za uchumi zikazorota. Tarehe 26 Julai mwaka huo Fidel Castro alisimama mbele ya umma akakiri kushindwa na kutaja makosa ya viongozi, akiwa mmoja wao. Mwezi wa Machi 1971 ikatoka sheria ya kuwaadhibu wanaokwepa kazi.

NGAZI YA MASLOW

Nadharia inayojulikana kuliko zote ni ya Abraham Maslow, ya mwaka 1943: mahitaji ya mwanadamu yana ngazi, chakula kwanza, kisha usalama, kisha upendo, kisha heshima, na juu kabisa mtu kutimiza kile alicho na uwezo wa kuwa. Mwandishi wa makala haya aliifundishwa katika semina ya uongozi, ikiwa imechorwa ubaoni kama piramidi, na mkufunzi akaeleza kwamba watu wetu wako chini kabisa, kwenye chakula. Maslow hakuchora piramidi. Ilichorwa na washauri wa makampuni baadaye, karibu 1960. Naye alikiri kwamba ngazi si ngumu, na kwamba mahitaji kadhaa humsukuma mtu kwa wakati mmoja. Ila piramidi ina faida kwa anayetoa amri, kwani inamwambia kwamba mwenye njaa hana haja ya heshima bado.

Baada yake zilikuja tafiti zenye unyenyekevu zaidi. Edward Deci, mwaka 1971, aliwapa wanafunzi mafumbo ya kupanga vipande. Waliolipwa, malipo yalipokoma, walionekana kuyapenda mafumbo yale kidogo kuliko wasiolipwa. Mwaka 1973 Lepper, Greene na Nisbett waliwaahidi watoto wa shule ya chekechea zawadi ili wachore picha, na baadaye watoto hao walichora kwa nusu ya muda wa wenzao walioachwa wachore tu. Wako wanaozichukua tafiti hizi kuwa ruhusa ya kutolipa. Hazisemi hivyo. Mtoto aliyechora alikuwa na sababu yake, na zawadi ikaisukuma pembeni kwa kumwambia kwamba anachora kwa ajili ya mtu mwingine.

Kuhusu heshima na njaa, tunao ushahidi wa hapa kwetu. Mwongozo wa TANU ulipotoka Februari 1971, kifungu chake cha 15 kilikataza kiongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi walikisoma. Mishahara ilikuwa midogo, na kwa hesabu ya piramidi walipaswa kudai chakula kwanza. Kwa miaka miwili na zaidi iliyofuata kazi ilisimamishwa katika viwanda na mashirika kadhaa, na mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walikitwaa kiwanda kutoka kwa mwenyewe na kuendelea kuzalisha. Mara nyingi katika migogoro hiyo wafanyakazi walikaa mahali pao pa kazi, wakamfungia nje meneja. Dai la kwanza halikuwa nyongeza ya mshahara. Lilikuwa kwamba meneja aliyewatukana aondolewe.